Datsun 240Z na Wapenzi Wake: Gari la Kijapani Lililosifiwa Ugenini Kabla ya Kuthaminiwa Nyumbani

Magari ya michezo, yaani magari mepesi na ya chini yenye injini yenye nguvu kupita mahitaji ya safari za kila siku, hayakuwa na nafasi kubwa katika viwanda vya Japani vilivyofufuka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa kuwa nchi ilihitaji kwanza malori, teksi na magari madogo ya familia. Hata hivyo, tangu mwanzo wa miaka ya 1960 viwanda hivyo vilianza kutoa magari ambayo leo hutafutwa na wapenzi wake kutoka Yokohama hadi California na Sydney, tena kwa bei ambazo wauzaji wake wa kwanza wasingeziamini. Historia ya mapenzi hayo haieleweki kwa kutazama viwanda peke yake. Sifa ya magari haya ilijengwa kwa kiasi kikubwa nje ya Japani, na sehemu yake muhimu ilijengwa katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanzania, jambo ambalo masimulizi mengi ya historia ya magari hulitaja kwa mstari mmoja na kulipita.

Waanzilishi walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Honda, iliyojulikana kwa pikipiki, ilitoa S500 mwaka 1963, gari dogo lenye injini ya sentimita za ujazo 531 na magurudumu ya nyuma yaliyozungushwa kwa mnyororo, wakati ambapo wizara iliyosimamia viwanda ilikuwa ikitaka sheria ya kupunguza idadi ya kampuni za magari, hivi kwamba kuchelewa kungeweza kuifungia Honda mlango. Mazda ya Hiroshima, nayo ikihofia kumezwa na kampuni kubwa, iliweka matumaini yake katika injini ya rotari iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel, ambayo badala ya pistoni zinazopanda na kushuka hutumia kipande cha chuma chenye pembe tatu kinachozunguka ndani ya chumba kimoja. Kundi la wahandisi 47 chini ya Kenichi Yamamoto lilihangaika kwa miaka kadhaa na mikwaruzo iliyoharibu kuta za chumba hicho, hadi Cosmo Sport ilipoingia sokoni mwaka 1967. Injini za ukoo huohuo ndizo zilizoipa Mazda ushindi wa mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991, ushindi wa kwanza wa kampuni ya Kijapani katika mbio hizo.

Toyota, ikishirikiana na Yamaha, ilionyesha 2000GT katika Maonyesho ya Magari ya Tokyo ya mwaka 1965. Gari hilo lilikimbizwa kwa saa 72 mfululizo katika uwanja wa majaribio wa Yatabe mwaka 1966, likaonekana katika filamu ya James Bond ya mwaka 1967 likiwa limekatwa paa, na mwaka 2013 moja likauzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni moja. Lakini magari yaliyotengenezwa hayakuzidi 351, na kwa sababu hiyo 2000GT, pamoja na uzuri wake usiopingika, lilibaki gari la kutazamwa. Mapenzi ya watu wengi hayawezi kuota juu ya gari ambalo karibu hakuna aliyewahi kuliendesha.

Ndani ya Japani kwenyewe, gari lililogusa mioyo mapema lilikuwa Skyline la kampuni ya Prince. Katika mashindano ya Japan Grand Prix ya mwaka 1964 huko Suzuka, Skyline lililoendeshwa na Tetsu Ikuzawa liliongoza kwa mzunguko mmoja mbele ya Porsche 904, gari la Kijerumani lililoundwa mahususi kwa mbio. Skyline halikushinda siku hiyo, lakini mzunguko ule mmoja ulitosha kuwaaminisha watazamaji kwamba gari la familia la Kijapani, likirefushwa pua ili kupokea injini ya silinda sita, laweza kusimama mbele ya Wazungu. Prince iliunganishwa na Nissan mwaka 1966, na mwaka 1969 ikazaliwa Skyline GT-R, ambayo umbo lake la mraba liliipatia kwa mashabiki jina la utani Hakosuka, na ambayo katika muda usiotimia miaka minne ilikusanya takriban ushindi 50 katika viwanja vya Japani. Mhandisi wake mkuu, Shinichiro Sakurai, bado anatajwa kwa heshima kubwa na wamiliki wa magari hayo.

Mwaka huohuo wa 1969 Nissan ilitoa gari lililobadilisha kila kitu. Lilikuwa gari la milango miwili na viti viwili, lenye boneti ndefu na mgongo unaoteremka, lililochorwa na kundi la Yoshihiko Matsuo. Nyumbani liliitwa Fairlady Z, na Marekani liliuzwa kama Datsun 240Z. Aliyelipigania zaidi ni Yutaka Katayama, mkuu wa shughuli za Nissan nchini Marekani, mtu aliyepelekwa huko mwaka 1960 na ambaye alifahamu kwamba kijana wa Kimarekani alitamani gari la umbo la Kizungu lakini hakuwa na fedha za kulinunua wala za kulipeleka kwa fundi kila mwezi. Jina la Fairlady lilikuwa limetokana na mchezo wa muziki uliompendeza rais wa kampuni, Katsuji Kawamata, na Katayama aliona kwamba lisingemvutia mnunuzi wa gari la mbio, akahakikisha magari ya Marekani yanabeba herufi na tarakimu tu. Bei ilikuwa dola 3,526, chini sana ya bei ya magari ya Ulaya yenye mwendo wa kulinganishwa nayo, na injini yake ya silinda sita ya lita 2.4 ilitokana na familia ya injini za kawaida za Nissan, kwa hiyo vipuri vilipatikana na matengenezo hayakumtisha fundi wa mtaani. Timu ya Peter Brock huko California, ikiwa na dereva John Morton, ilitwaa ubingwa wa kitaifa wa daraja lake mwaka 1970 na 1971. Kizazi hicho cha kwanza, kilichodumu hadi 1978, kiliuzwa kwa zaidi ya magari nusu milioni, na sehemu kubwa yake ilikwenda Amerika Kaskazini.

Wanunuzi wa Japani walipewa hapo mwanzo injini ya lita 2.0 tu, kwa sababu kodi ya nchi hiyo ilipanda sana kwa injini iliyozidi kipimo hicho. Wenye uwezo waliweza kununua Z432, iliyopewa injini ya GT-R yenye valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu na shafti mbili za kufungulia valvu, na ambayo kwa uchache wake imekuwa hazina. Ni ajabu, na inastahili kusemwa wazi, kwamba gari lililobuniwa Japani lilifika kwa Wajapani wengi likiwa na nguvu pungufu kuliko lile waliloliuza ng'ambo.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kufanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa kwa ajili ya mashindano. Magari yalitoka moja baada ya jingine, yakapaswa kufika katika vituo kwa muda uliopangwa, na kila dakika ya kuchelewa ikahesabiwa kuwa alama ya adhabu. Nissan ilianza kushiriki mwaka 1963, mwaka ambao magari saba tu yalimaliza. Badala ya kukata tamaa, kampuni iliichukulia Safari kuwa shule: mashimo, makorongo, mito iliyofurika na vumbi linalopenya kila mahali viliwafundisha wahandisi udhaifu wa bodi, springi na breki kwa namna ambayo uwanja wa majaribio usingeweza. Mwaka 1969 Wajapani waliiona Safari katika filamu mashuhuri iliyoigizwa na Yujiro Ishihara na Toshiro Mifune, iliyohusu dereva wa Kijapani na gari la Datsun, na iliyojaza majumba ya sinema nchini humo. Kwa Wajapani wengi waliokuwa vijana wakati ule, picha ya kwanza ya ushujaa wa gari la nchi yao ilikuwa gari lililopakwa matope ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann, dereva aliyeishi Kenya, akiwa na mwelekezi wake Hans Schüller, alishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wawili hao walirudi na 240Z jekundu lenye boneti jeusi wakashinda tena, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z jingine lililoendeshwa na Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda. Mehta alishinda mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews, baada ya kumaliza akiwa na alama za adhabu sawasawa na Mswidi Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun, na ushindi ukaamuliwa kwa kutazama nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Baadaye Mehta aliongeza ushindi mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, wote kwa magari ya Datsun. Mtu asiyejua orodha hii hawezi kueleza kwa nini jina la Datsun liliaminiwa na wenye teksi, walimu na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki kwa miongo miwili, wala kwa nini mpenzi wa 240Z huko Ulaya hupaka gari lake rangi nyekundu na nyeusi na kulifungia taa kubwa za mbele.

Japani, wakati huo, hali ilikuwa imebadilika. Msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 na sheria kali za moshi wa magari ziliondoa GT-R sokoni na kupunguza nguvu za magari yaliyobaki. Ukaguzi wa lazima wa magari uitwao *shaken*, ambao gharama yake humlemea mwenye gari kuukuu, ulisukuma maelfu ya magari ya miaka ya 1960 na 1970 kwenye vyuma chakavu, na chuma chembamba cha Fairlady Z, kisichostahimili kutu, hakikusaidia. Waliookoa mengi ya yale yaliyobaki walikuwa vijana wasio na fedha nyingi, walioyanunua yakiwa mikweche na kuyatengeneza katika karakana ndogo. Hadhi yao katika jamii haikuwa nzuri, kwa kuwa baadhi yao walikimbizana usiku kwenye barabara kuu na kwenye kona za milimani, na polisi waliwaandama kwa haki. Lakini ujuzi wa kufufua injini za zamani ulihifadhiwa mikononi mwao. Katuni mbili za miaka ya 1990, Wangan Midnight ya Michiharu Kusunoki, yenye Fairlady Z la kizazi cha kwanza, na Initial D ya Shuichi Shigeno, yenye Toyota AE86 la kijana anayepeleka tofu milimani, zilibeba ulimwengu huo hadi Hong Kong, Ulaya na Amerika, zikawafanya vijana wasiojua Kijapani watamani magari waliyoyaona kwenye karatasi tu.

Tamaa hiyo ilikutana na sheria ya Marekani ya mwaka 1988, ambayo inazuia kuingiza gari lisilotengenezwa kwa viwango vya usalama vya nchi hiyo mpaka litimize miaka 25. Skyline GT-R ya mwaka 1989, ambayo Waaustralia waliipa jina la Godzilla na ambayo ilishinda mbio za Bathurst mwaka 1991 na 1992, ilifunguliwa mlango wa Marekani mwaka 2014, na tangu hapo bei zilipaa kiasi kwamba wapenzi wengi nchini Japani walishindwa kununua magari waliyokulia nayo. Kodi ya Japani, inayoongezeka gari likipita miaka 13, iliwasukuma wengine wauze.

Hapo ndipo kampuni zenyewe zilipozinduka. Mazda ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kufufua Roadster la kizazi cha kwanza, Nissan ikaanza mwaka huo kutengeneza tena vipuri vya Skyline GT-R, na Toyota ikafuata mwaka 2020 kwa vipuri vya Supra na 2000GT. Hatua hizo ni njema, ingawa zilichelewa, na mafundi wadogo waliochonga vipuri kwa mikono kwa miaka 30 wanastahili sifa kubwa kuliko kampuni. Gari la Herrmann la mwaka 1971 limehifadhiwa katika ghala la urithi la Nissan huko Zama, baada ya wafanyakazi wa kampuni kulifufua kwa kujitolea.

Katika Afrika Mashariki urithi huo hauna ghala la namna hiyo. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka minane, na Uganda imeweka kikomo cha miaka 15, sheria zenye sababu zake za hewa na usalama, lakini maana yake ni kwamba Datsun za zamani zilizomo nchini ndizo zitakazobaki, na kila moja inayokatwakatwa haina badala. Nyaraka ziko hatarini zaidi kuliko magari: picha, vitabu vya njia, kadi za muda na kumbukumbu za mafundi waliobadilisha springi gizani vimo katika masanduku ya familia, na waliokuwa vijana wa miaka 25 mwaka 1971 sasa wanakaribia au wametimiza miaka 80. Idara za nyaraka za taifa na vilabu vya mbio za magari vya Kenya, Uganda na Tanzania vinapaswa kuzitafuta familia hizo sasa, kuwarekodi mafundi na waelekezi wangali hai, na kunakili picha hizo kabla hazijaharibika.