Neno "Mlima" Kati ya Kitale na Bungoma: Istilahi ya Pwani Mbele ya Masaba

Msafiri atokaye Bungoma kwenda Kitale kwa njia ya Chwele, Kimilili na Kamukuywa huwa na mlima ule ule kushotoni mwake karibu safari nzima. Wabukusu huuita Masaba. Wasabaot huuita Tulwop Kony, yaani mlima wa Wakony. Ramani na vibao vya barabarani huuita Elgon. Kuhusu majina haya matatu yameandikwa mengi, mengine ya kisomi na mengine ya kubahatisha tu. Neno linalotangulia jina, yaani mlima, halikushughulikiwa, yamkini kwa sababu kila mtu hudhani analielewa. Makala haya yanashikilia kwamba neno hili la kila siku lina historia yake, na kwamba historia hiyo inamgusa moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekusanya masimulizi ya Bungoma na kuyafasiri kwa Kiswahili.

Ianzwe na mahali lilipotoka. Shina -lima si mali ya Waswahili peke yao: Wagikuyu wana kĩrĩma, Wakamba wana kĩĩma, na lugha kadhaa za Kibantu za nyuma ya pwani zina maumbo yaliyo karibu na hayo. Kwa hiyo ni shina la mashariki. Mtu akivuka Bonde la Ufa kuelekea magharibi halikuti tena: Waganda husema lusozi, na Wabukusu husema lukulu. Wapo wanaolihusisha shina hili na kitenzi kulima, kana kwamba mlima ni mahali pa kulimwa. Dhana hiyo inavutia, lakini mfanano wa sauti si ushahidi, nayo haielezi kwa nini watu walioishi bondeni na kulima huko wasiliite bonde hilo mlima.

La maana zaidi kwa hoja hii ni maisha ya neno lilipokuwa pwani. Unguja haina mlima. Hakuna sehemu ya kisiwa hicho inayofika mita 200 juu ya bahari. Mkaaji wa Mombasa huiona milima ya Shimba kwa mbali, nayo haifiki mita 500. Bara lililo mkabala wa Unguja huitwa Mrima, na wataalamu wengi wanalihusisha jina hilo na mlima kwa ubadilishanaji wa l na r. Ikiwa ni hivyo, basi kwa mtu wa kisiwani mlima ulikuwa pia ule mwinuko wa nchi kavu unaoonekana kutoka chomboni, yaani upande wa pili wa maji. Kipimo cha neno kilikuwa kidogo. Hata mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, ambao Rebmann aliuona mwaka 1848 ukiwa na theluji, ulifika vitabuni kwa umbo la udogishi: Kilimanjaro, si Mlimanjaro. Krapf na Rebmann wenyewe walihitilafiana kuhusu maana ya sehemu ya pili ya jina hilo. Ile sehemu ya kwanza, iliyo ya ajabu zaidi, waliipokea tu.

Neno lilipanda bara pamoja na misafara. Kabla Wazungu hawajafika, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika kwa Sundu, mahali palipokuja kuitwa Mumias, na kutoka hapo walizijua njia za kuuzunguka mlima. Joseph Thomson aliyepita huko mwishoni mwa 1883 hakugundua njia yoyote. Alifuata wachukuzi wa pwani na maarifa ya Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua nchi ya Wamaasai vizuri kuliko Mzungu yeyote wa zama zake. Desturi ya misafara katika kutaja mahali inafaa kuangaliwa. Mji waliutaja kwa mwenyeji: kwa Sundu, kwa Mumia. Nchi au mlima waliutaja kwa watu waliokaa hapo, tena aghalabu kwa jina walilopewa na jirani, kama walivyowaita Wabukusu "Kitosh". Kiswahili cha misafara kilileta nomino ya jumla na kuacha jina maalumu liazimwe. Ndiyo sababu hadi leo tunasema Mlima Elgon, nusu ya pwani na nusu ya Wakony, na Masaba likabaki nje ya ramani za Kenya.

Hatua iliyofuata haikuwa ya wachukuzi bali ya makarani na walimu. Steere aliandika sarufi yake ya mwaka 1870 kwa kufuata lahaja ya Unguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliiteua lahaja hiyo kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha iliundwa 1930, na kamusi ya Johnson ikatoka 1939. Katika miaka hiyo hiyo reli ilifika Kitale, na mashamba makubwa ya walowezi wa Trans Nzoia yakakusanya vibarua Wabukusu, Wasabaot, Wateso, Waturkana na wengineo, ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili cha shambani. Hivyo Kiswahili kilifika Kitale mara mbili: kimoja kwa kitabu, kingine kwa amri ya mnyapara. Dalili zinasikika bado. Mwalimu hufundisha "mlima huu, milima hii"; sokoni watu husema "hii mlima", na mlima huweza kuwa mwinuko wa barabara unaomfanya mwendesha baiskeli ashuke asukume. Wasanifishaji huliita hili kosa. Lingeweza pia kuitwa matumizi ya watu ambao tayari walikuwa na neno jingine kwa kitu kikubwa, wakalipa neno geni kazi ndogo.

Neno hilo jingine ni lukulu, na hapa ndipo penye uzito wa suala. Katika Lubukusu, lukulu (mlima) linakaa jirani kabisa na likulu (mbingu). Tofauti ni ya kiambishi cha ngeli tu. Waganda wana eggulu kwa mbingu na waggulu kwa juu. K ya Lubukusu inalingana kwa kawaida na g ya Luganda. Jina la Lugulu, karibu na Webuye, ambako Marafiki walijenga misheni, linaelekea kuwa neno lile lile katika matamshi ya majirani. Kiswahili nacho kina ndugu wa shina hili, ila si mlima wala mbingu: ni juu, neno dogo ambalo halijabeba tena picha yoyote. Kwa Mbukusu, basi, mlima na mbingu ni mashina ya kijiji kimoja. Mapokeo ambayo Wagner aliyachunguza katika juzuu zake za 1949 na 1956, na ambayo Makila aliyarejelea mwaka 1978 katika historia yake ya Wabukusu, yanaufanya Masaba kuwa zaidi ya mandhari: ni jina la mahali na la babu kwa pamoja. Mtafiti anapofasiri lukulu kwa "mlima" hakosei kikamusi. Hata hivyo msikilizaji wa Kiswahili hasikii mbingu ndani yake, na mlio uliounganisha sentensi mbili za msimulizi hukatika bila mtu kujua kwamba ulikuwapo.

Pengo hili halikosi matokeo nje ya darasa. Mwaka 1895 majeshi yaliyoongozwa na Hobley yaliwashambulia Wabukusu Lumboka na kisha Chetambe, juu ya Webuye. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa, na mwaka uliofuata dini hiyo ikapigwa marufuku. Wafuasi wake waliuhusisha pia Masaba na Sayuni. Msomaji anayeyajua haya kwa Kiswahili au Kiingereza tu huona hapo mwigo wa Biblia ya wamisionari. Anayesikia lukulu na likulu pamoja ataona kwamba Biblia ilikuta mlango uko wazi: mlima uliokuwa tayari karibu na mbingu ulipewa jina la pili. Wahakiki waliosisitiza uigaji walisoma tafsiri, hawakusoma neno.

Upande wa Wasabaot neno mlima lilifuta mgawanyo mwingine. Katika lugha za Kikalenjin mosop ni nchi ya juu na soy ni nchi ya chini. Mtu hupita Soy barabarani kati ya Eldoret na Kitale, na Mosop ni jina la jimbo huko Nandi. Juu ya Elgon maneno hayo yalikuwa pia majina ya watu, na mpango wa makazi wa Chepyuk, ulioanza 1971 kwa watu wa Mosop walioteremshwa kutoka Chepkitale, uliyageuza kuwa majina ya wadai wa ardhi. Serikali ilipokata wilaya mpya kutoka Bungoma mwaka 1993 iliiita Mlima Elgon, jina lisilotofautisha juu na chini, ilhali ugomvi ulikuwa hasa baina ya wa juu na wa chini. Mapigano ya 2006 hadi 2008, na operesheni ya kijeshi iliyoyamaliza, iliyoitwa Okoa Maisha, yaliripotiwa nchini kama "vita vya Mlima Elgon". Haidaiwi hapa kwamba nomino husababisha vita. Inadaiwa tu kwamba aliyesoma habari hizo kwa Kiswahili hakupewa neno la kumwezesha kuuliza: juu ipi, na chini ipi?

Na neno linaendelea kusafiri. Katika lugha ya siasa ya Kenya ya miaka ya hivi karibuni, "Mlima" bila jina ni Mlima Kenya na wapiga kura wake. Mtangazaji akisema Mlima umeamua, msikilizaji wa Kimilili, mwenye mlima wa mita 4,321 mbele ya mlango wake, anaelewa mara moja kwamba si wake unaotajwa. Akitaka kuutaja wake sharti aongeze jina, au arudi kwenye Lubukusu.