Fimbo ya Mbele ya Gari

Ukitoka Nyakanazi, Lusahunga ndipo barabara inapogawanyika: kulia unakwenda Biharamulo na Bukoba, kushoto unashika ya Ngara hadi daraja la Rusumo, kilomita tisini na kitu. Mwishoni mwa Aprili 1994, UNHCR ilitangaza kwamba watu 250,000 walikuwa wamevuka daraja hilo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Wengi waliishia Benaco, kambi iliyorithi jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu miezi hiyo. Katika ripoti nilizosoma, neno linalojirudia ni "taarifa zimepokelewa". Zimepokelewaje, wakati simu za mkononi hazikuwapo huku? Nilimwuliza mzee mmoja aliyeendesha malori ya chakula. Nilitegemea anisimulie habari za wakimbizi. Yeye akanyoosha mkono kunionyesha urefu wa fimbo iliyokuwa mbele ya gari lake.

Antena, kumbe.

Redio ya VHF hutaka antena mbili zionane, na milima ya Ngara haikubali. Redio koli ya mawimbi mafupi hurusha sauti juu, ikagonga tabaka la angani na kurudi chini ng'ambo ya mlima. Ila tabaka lile halitulii. Mchana linataka masafa ya juu. Jua likizama, lazima ushuke. Na kila masafa yana urefu wake wa antena: gawanya 75 kwa megahezi, upate robo ya wimbi kwa mita. Megahezi 7 zinataka karibu mita 11. Megahezi 3.5 zinataka 21. Lori gani litabeba mlingoti wa mita 21 chini ya miti ya Biharamulo?

Kwa hiyo hufungwa fimbo fupi, na koili ya waya hufidia urefu uliopungua. Hapo ndipo penye uchaguzi. Antena ya bei nafuu ina matundu kwenye koili: ukitaka kubadili masafa unasimamisha gari, unashuka, unahamisha plagi. Ya mota hujirekebisha yenyewe. Unabonyeza kitufe, mota inasogeza kiunganishi juu ya koili, nawe umekaa kwenye kiti. Ni ghali, na vumbi la huku ni adui wa kila kinachozunguka. Watu wa redio za ridhaa waliifikia kwa njia yao: Don Johnson wa Marekani, W6AAQ hewani, aliendesha antena yake kwa mota ya bisibisi ya umeme, asilazimike kusimama njiani. Kwao ilikuwa burudani, na sioni ubaya.

Nilimwambia mzee kwamba mimi ningechagua ya matundu: haina cha kuharibika, na kushuka garini ni dakika mbili tu. Akacheka.

"Mwanangu, umewahi kushuka usiku kwenye pori lile?"

Sijawahi. Pori la kati ya Lusahunga na Ngara lilijulikana kwa majambazi. Kuna nyakati magari yalipita kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Masafa ya mchana yanapokufa, ndipo unapotakiwa ushuke na tochi mkononi.

Ujumbe ninaousoma makavazini umeandikwa saa pembeni. Nilikuwa nikiiruka. Sasa nimeanza upya, faili moja baada ya jingine, nikinakili saa kwanza na maneno baadaye. Na pale usiku usipokuwa na ujumbe wowote, siandiki tena kwenye daftari langu kwamba hali ilikuwa shwari. Nimeshaandika hivyo mara kadhaa. Sura ya pili imejaa.

Kabla sijaondoka nilimwuliza lori lake lilikuwa na antena ipi.

"Ya matundu," akasema. "Giza likiingia tulizima redio, tukangoja kuche."