Fremu ya kaboni ya bei poa: kwanza uliza ni ya mwaka gani

Leo siandiki juu ya mitihani wala foleni ya kafeteria. Leo ni baiskeli, zile za milimani zenye shokapu mbele tu na nyuma ngumu, wenyewe wanaziita haditeli. Kuna watu wameniuliza kuhusu fremu za kaboni za bei nafuu, na mimi mtu wa historia siwezi kujibu bila kurudi nyuma kidogo. Vumilieni.

Mtu akiona fremu ya kaboni inauzwa bei ya simu ya kawaida, swali linalomtoka haraka ni "hii si feki kweli?" Mimi naanza na jingine: ni ya mwaka gani? Maana unaweza kununua fremu nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, halafu ikabaki ukutani kwa sababu magurudumu na shokapu zinazoingia humo zimekuwa adimu.

Tuanzie kaunti ya Marin, California, kaskazini ya San Francisco. Katikati ya miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa wanaokota baiskeli kuukuu za Schwinn, za miaka ya 1930 na 1940, nzito karibu kilo 20, tairi pana, wanazipeleka mlimani na kuteremka nazo kama wamerogwa. Oktoba 21, 1976 wakafanya mashindano ya kwanza kwenye njia iliyoitwa Repack, karibu na Fairfax. Ni kilomita 3 na ushee tu lakini inashuka kama mita 400. Breki ilikuwa ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na ilipata moto mpaka grisi inaungua na kutoa moshi. Ukifika chini, unafungua habu unapakia grisi upya. Jina la njia likatoka hapo.

Fremu za zamani hazikuundwa kwa fujo hizo. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu yake mwenyewe ya chuma cha kromoli kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli ambazo fremu zake zilitengenezwa na Tom Ritchey. Zote za mkono, chache, na ghali. Halafu 1981 Specialized wakatoa Stumpjumper kwa dola 750, ikitengenezwa kiwandani Japani. Hapo ndipo hadithi ya bei inapoanza: wazo la California, kiwanda cha Asia.

Na hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Schwinn, kampuni ile ile ambayo mikweche yake iliuzaa mchezo huu, ilipata mgomo kwenye kiwanda chake cha Chicago mwaka 1980. Ikahamishia kazi nyingi Taiwan, kwa kampuni iliyoanzishwa 1972 na King Liu, jina lake Giant. Giant wakajifunza, wakakua, na tangu 1981 wakawa na jina lao wenyewe. Mwaka 1987 Schwinn wakaanza kuegemea kiwanda kingine cha Shenzhen, China, lakini mwanafunzi alikuwa amekwishahitimu. Mwaka huo huo Giant wakatoa Cadex, baiskeli ya barabarani yenye bomba za kaboni, na kuitengeneza kwa wingi. Mwaka 1992 Schwinn wakafilisika. Yaani mteja alimfundisha mshindani wake kazi na ada akalipa yeye!

Kaboni yenyewe haikuzaliwa kwenye baiskeli. Ilitoka maabara za Marekani, Japani na Uingereza miaka ya 1950 na 1960, ikaelekea kwenye ndege, na kampuni ya Toray ya Japani ikaanza kuiuza kibiashara mwaka 1971. Fremu za kwanza zilikuwa bomba za kaboni zilizogundishwa kwenye viungo vya alumini, na gundi ile iliwatesa watu, viungo vikiachia. Baadaye ndiyo likaja umbo la kufinyangwa ndani ya kalibu: vipande vingi vya kitambaa chenye gundi vinapangwa kwa mkono, kimoja kimoja, kisha vinaokwa kwa joto na shinikizo.

Sasa ona uchumi wake. Kalibu ni ghali, na kila saizi ya fremu inataka yake. Kiwanda kikishalipia kalibu, kinatafuta namna ya kuitumia mara nyingi kadiri kinavyoweza, kwa hiyo kinauza fremu ile ile kwa kampuni tano, kila moja inabandika nembo yake, na nyingine kinakuuzia wewe moja kwa moja bila nembo. Ndizo hizo za dola 300 mpaka 600 mnazoziona mtandaoni. Kwa hiyo kukosa jina siyo ushahidi wa ubovu.

Msidanganywe tu na namba. Muuzaji anaandika T700, T800, T1000 kama cheo cha jeshi. Ni majina ya nyuzi za Toray. T300 na T700 zina ugumu ule ule wa kukataa kupinda, kama GPa 230. Tofauti ni nguvu ya kukatika. Vipande vilivyopangwa vibaya haviokolewi na namba yoyote.

Turudi kwenye mwaka. Kuanzia Marin mpaka miaka ya 2000 gurudumu lilikuwa inchi 26, kwa sababu tu mikweche ya Schwinn ilikuwa na hizo! Kisha ikaja 29. Machi 2012 Nino Schurter akashinda Kombe la Dunia Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa 27.5. Agosti mwaka huo, Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý akampita kwa sekunde 1 akiwa na 29. Biashara ya 26 ikafa haraka. Ekseli ya nyuma ikatoka milimita 135 ikaenda 142, halafu mwaka 2014 ikaja 148. Shingo ya fremu nayo iliyokuwa imenyooka ikawa pana chini. Kila badiliko liliwaacha watu na fremu nzuri zisizo na wenzi.

Mimi nina hela ya fremu moja. Imetoka kwenye bumu la mihula minne na hakuna nyingine nyuma yake. Mezani nilikuwa na mbili. Ya kwanza mtumba wa kampuni kubwa, wa 2007 hivi, inchi 26, shingo iliyonyooka, bei nusu. Ya pili mpya, haina jina, inchi 29, ekseli ya 148, sehemu ya kuingizia ekseli ya pedeli ina nyuzi za kufungia za kawaida, kitu ambacho fundi yeyote anakielewa. Moyo ulitaka ile yenye jina, nisiseme uongo. Lakini shokapu nzuri ya kuingia mule ningeitafuta mpaka nihitimu, na kaboni ya mtumba ikishapigwa ndani huioni kwa macho.

Nimeagiza ya pili. Kabla ya kulipa niliomba vitu viwili: ripoti ya kipimo cha ISO 4210 ya modeli hiyo hiyo, siyo ya binamu yake, na picha za ndani ya bomba karibu na shingo, nione kama kuna mikunjo. Walipoleta niliangalia pia uzito. Wenye gramu 900 niliwaacha. Scott waliwahi kuiita fremu yao Scale 899 kwa sababu ya uzito wake, lakini hao wana wahandisi na maabara, mimi nina makorongo ya nyuma ya hosteli. Yangu wameandika gramu 1,180. Na kama hela yako haifiki hapo, chukua alumini na kinachobaki weka kwenye shokapu, utafurahi zaidi kuliko mimi.

Ikifika nitaipima kwenye mizani ya maabara ya wale jamaa wa kemia, nitawaletea namba. Ngoja nikimbie, kipindi cha saa kumi kimeshaanza.