Karani na Kalamu: Ajira, Ufundi na Kazi Ipendwayo katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili



Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Ya kwanza yasema: mchagua jembe si mkulima. Ya pili yasema: kipendacho roho hula nyama mbichi. Ya kwanza humwonya mtu asikae akipekua majembe huku mvua zikipita; ashike lililopo alime. Ya pili hukiri kwamba moyo ukishapenda, shida hugeuka kuwa si shida. Kijana anayemaliza masomo leo husimama katikati ya methali hizi mbili. Wazazi humpa ya kwanza, nafsi yake humnong'oneza ya pili. Kila mwaka wanafunzi huniuliza ni ipi iliyo ya kweli, nami jioni hii nitajaribu kujibu kwa njia ya historia. Nitatazama maisha ya watu wawili ambao kila msomaji wa Kiswahili anawafahamu: Siti binti Saad na Shaaban Robert. Hoja yangu ni kwamba kazi ipendwayo haikupatikana kwa kuchaguliwa kama bidhaa dukani. Ilijengwa kwa kujifunza kwa muda mrefu, na mara nyingi ilijengwa pembeni mwa ajira isiyopendwa.

1. Maneno tunayoitia kazi

Tuanze na lugha yenyewe, kwa kuwa maneno ni makumbusho ya historia. Kiswahili kina neno pana, kazi, linalobeba kila shughuli ya mikono na akili. Lakini kina pia ajira na ujira, maneno ya asili ya Kiarabu yanayohusu malipo. Mtu aweza kuwa na kazi asiwe na ajira, kama mama anavyojua. Na aweza kuwa na ajira huku akilalamika kwamba hana kazi ya maana.

Neno kibarua lina mafunzo zaidi. Kwa asili ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mtu wa kazi za kutwa. Polepole hati ikampa jina mwenye kuishika, na binadamu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Katika Tanganyika ya kikoloni, kadi ya kazi iliitwa kipande. Ilihesabu siku 30 za kazi, na kila siku iliyotimizwa ilitiwa alama. Hapo hakuna swali la kupenda. Kuna siku, alama, na malipo.

Kwa upande mwingine lipo neno fundi, ambalo halitengani na kufunda, kufunza, mafunzo na mwanafunzi. Fundi ni aliyefundwa akafundika. Katika miji ya pwani, seremala, mshonaji, mjenzi wa jahazi na mpiga udi walipata heshima kwa njia hiyo: miaka ya kukaa chini ya mwalimu, kisha uhuru wa kuitwa kwa jina la ufundi wao. Lugha yetu, basi, ilikwisha kutofautisha tangu zamani kati ya mtu anayehesabiwa siku zake na mtu anayetambuliwa kwa ujuzi wake. Nitaitumia tofauti hiyo kupima maisha ya hao wawili niliowataja.

2. Mwuza vyungu wa Fumba

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, lakini sheria hufuta hati upesi kuliko inavyofuta dharau. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kifamilia: vyungu vilifinyangwa nyumbani, naye akavitembeza akiviuza. Yasimuliwa kwamba aliita wanunuzi kwa sauti iliyowafanya watu wasimame hata wasiohitaji chungu.

Yapata mwaka 1911 alihamia mjini. Hapa ndipo wasimulizi wengi huharakisha hadithi, kana kwamba sauti nzuri ilitosha. Haikutosha. Hakuwa amesoma, na taarabu ya mjini wakati ule ilikuwa imeegemea sana Kiarabu na baraza la kifalme. Ilimbidi akae na walimu, ashike maneno, ajifunze mahadhi na namna ya kuimba pamoja na ala. Ilimbidi pia avumilie kejeli juu ya nasaba yake na sura yake, ambazo washindani wake walizitia katika nyimbo. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti iliyonadi vyungu ikasikika katika pwani yote kwa Kiswahili.

Kwa Siti, basi, kazi ipendwayo na mkate vilikutana. Lakini tuangalie vitu vilivyowezesha mkutano huo. Kulikuwa na mji uliopenda ngoma, walimu waliokubali kumfunza mwanamke wa shamba, kundi la wapiga ala waliofungamana naye, na teknolojia mpya ya santuri iliyotafuta sauti za kuuza. Kipaji kilikuwa chake, lakini mlango ulifunguliwa na wakati. Wangapi walikuwa na sauti kama hiyo miaka 50 kabla yake, wakafa wakiwa bado wanabeba vyungu?

3. Karani wa Tanga

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha. Huko alikaa hadi 1944. Baadaye akahamishiwa Idara ya Wanyama, mbali na bahari aliyoizoea. Kuanzia 1946 alikuwa katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na kuanzia 1952 katika ofisi ya upimaji ardhi, hadi alipostaafu mwaka 1960. Alifariki mwaka 1962. Tukijumlisha, ni miaka 34 ya utumishi wa serikali na miaka 2 tu ya kuwa mwandishi asiye na mwajiri.

Hesabu hiyo imenisumbua kwa muda mrefu. Mtu tuliyemwita baba wa fasihi ya kisasa ya Kiswahili, mwandishi wa vitabu zaidi ya 20, hakuishi kwa kuandika. Aliishi kwa kujaza daftari za serikali ya kigeni, katika ngazi ambayo Mwafrika hakutarajiwa kuipita hata awe na akili gani. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952, yote akiwa angali mwajiriwa wa Tanga. Baadhi ya vitabu vyake vilichapishwa mbali na wasomaji wake, London na Johannesburg. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilizokuja kuchapishwa mwaka 2002, zatuonyesha mtu wa familia mwenye majukumu kama yetu, ambaye miswada ni sehemu moja tu ya mahangaiko yake.

Je, ukarani ulikuwa adui wa kalamu? Jibu si jepesi. Ukarani ulimpa mshahara wa mwezi, na mshahara ulimwezesha kuandika asichotumwa na mtu. Ulimhamisha toka kituo kimoja hadi kingine, akasikia Kiswahili cha watu wengi. Ulimfunza nidhamu ya kukaa mezani kila siku. Lakini pia ulimnyang'anya saa bora za mchana kwa miaka 34, na ulimkumbusha kila siku mahali alipowekwa na utawala. Atakayesoma Kusadikika na mahakama yake ataelewa kwamba karani huyu aliyajua mambo ya maofisi na madaraka kwa ndani. Ajira ilimpa kitu cha kuandika, na ikampunguzia muda wa kukiandika.

4. Utubora, au maisha ambayo karani hakuyaishi

Ipo kazi yake moja inayozungumza moja kwa moja na mada yetu, nayo ni Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake. Mhusika mkuu anaacha kazi ya mjini yenye heshima na kwenda kuishi kwa jembe. Watu wanaomzunguka wanashangaa, kwani kwao kuacha kalamu kwa ajili ya jembe ni kushuka. Mwandishi anataka tuone kinyume chake: kwamba utu bora, kama jina linavyotangaza, unapatikana pale mtu anapofanya kazi ambayo dhamiri yake inaipenda na jirani zake wanafaidika nayo.

Wahakiki wengine wameiita riwaya hii ndoto, wakiona kwamba inapamba ukulima bila kugusa bei ya mazao wala uhaba wa ardhi. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, mimi naisoma kwa kukumbuka nani aliyeiandika. Mhusika wa kubuni huenda anakotumwa na kalamu. Karani mwenye mke na watoto hurudi ofisini asubuhi. Shaaban Robert alimwachia Utubora afanye uamuzi ambao yeye hakuufanya. Hilo silioni kuwa unafiki. Naliona kuwa ungamo la mtu aliyejua thamani ya kitu kwa sababu alikipata nusu.

Tazameni pia kwamba karani huyu alimfuata Siti binti Saad uzeeni mwake, akamsikiliza, akaandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 1958. Siti alikuwa amefariki mwaka 1950. Kwa nini mshairi wa Tanga alishughulika na mwimbaji wa Unguja aliyewahi kuuza vyungu? Naamini alimtambua mwenzake wa ufundi, na labda alitaka kulitazama kwa karibu jambo ambalo kwake lilikuwa limegawanyika mara mbili, yaani mkate na moyo, likiwa limekaa katika mtu mmoja.

5. Hitimisho: deni letu

Niwarudie wanafunzi na methali zao mbili. Historia niliyoieleza haisemi kwamba mtu aridhike na ajira yoyote. Wala haisemi kwamba ajiuzulu kesho asubuhi kwa kuwa moyo umechoka. Inasema kwamba mapenzi ya kazi yana mizizi katika kufundwa. Siti hakuipenda taarabu kwa kuitazama kwa mbali. Aliipenda kwa kuijifunza hadi ikawa yake. Shaaban Robert hakusubiri apate nafasi nzuri ndipo aandike. Kwa hiyo, badala ya kujiuliza tu ni kazi gani ninaipenda, mwanafunzi afadhali ajiulize: ni ufundi gani niko tayari kuukalia chini kwa miaka mingi, hata kama malipo yatachelewa, na utamfaa nani?

Lakini nina neno pia kwa sisi tulio na ajira katika Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na Shaaban Robert alikuja kuwa miongoni mwa waliotumikia kazi hiyo. Kutokana na mizizi yake ilizaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, ambayo tangu 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Leo kuna wahadhiri, wafasiri, wahariri, wakalimani na watangazaji wanaolipwa mishahara kwa sababu ya lugha hii. Kitu alichokifanya karani usiku, baada ya kufunga daftari za mwajiri wake, ndicho sisi tunalipwa kukifanya mchana.

Hapo ndipo swali linapotugeukia. Yeye alikuwa na mapenzi bila ajira. Sisi tuna ajira. Mwalimu anayesoma darasani maandishi yale yale kwa miaka 15 amekuwa kibarua wa lugha, anahesabu siku za kipande chake, hata kama ana shahada ya uzamivu. Mchapishaji asiyemlipa mtunzi haki yake anamrudisha mwandishi wa leo katika hali ya mwaka 1951. Na chuo kisichompa kijana mwenye kipaji mwalimu wa kumfunda kinamwacha abebe vyungu vyake apite.

Jembe hatukulichagua sisi. Tulilikuta limenolewa na watu waliolima usiku. Basi tulime nalo kwa namna ambayo wao, lau wangetuona, wasingesema tumelipata bure.