Nani Aliandika Michezo ya Terence?

Majemadari wa Roma tunawajua tangu darasani. Watunzi wake wa vichekesho hatuwajui sana. Kwa hiyo Ndugu Mhariri aliponipa ukurasa huu, nilimchagua Publius Terentius Afer, ambaye Waingereza humwita Terence.

Suetonius, mwandishi wa Kirumi aliyeishi zaidi ya miaka 200 baada yake, anasema alizaliwa Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, akawa mtumwa wa seneta Terentius Lucanus huko Roma. Bwana wake alipoiona akili yake alimsomesha, kisha akampa uhuru. Jina Afer lilimaanisha mtu wa Afrika, ingawa Afrika ya Warumi ilikuwa sehemu ile ya kaskazini tu, na jina lenyewe halitwambii rangi ya ngozi yake.

Kati ya 166 na 160 K.K. aliandika michezo sita, na yote ingalipo. Mmoja, Hecyra, yaani Mama Mkwe, ulipatwa na balaa. Mwaka 165 K.K. ulikatizwa kwa makelele ya watu waliotaka mabondia na mtembea juu ya kamba. Mwaka 160 K.K. ulianza vizuri, mara ukavuma uvumi kwamba wapiganaji wa panga wanakuja. Umati ukaingia kwa fujo, kila mtu akigombea pa kukaa. Mwaka huo huo mchezaji mkuu, mzee Ambivius Turpio, alisimama mara ya tatu kuwasihi watazamaji wanyamaze, na safari hii ukafika mwisho. Yeyote aliyewahi kuigiza mbele ya wanafunzi siku ya mpira atamwonea huruma mzee huyu.

Lakini lililomwandama zaidi ni maneno ya watu. Kilatini chake kilikuwa safi mno, wakasema kimeandikwa na rafiki zake wakubwa. Majina yaliyotajwa ni Scipio na Laelius. Terence hakukana waziwazi. Alijibu jukwaani kwamba kupendwa na watu wanaopendwa na Roma nzima ni sifa kwake. Mimi naona hakuwa na njia: kukana kwa ukali kungewavunjia heshima wafadhili wake. Alifariki mwaka 159 K.K. katika safari ya Ugiriki.

Michezo yake ilifundishwa katika shule za Ulaya kwa karne nyingi, na shutuma ile ikasafiri nayo. Montaigne, Mfaransa msomi wa karne ya 16, aliandika kwamba angeudhika kama mtu angemwondolea imani yake kuwa mtunzi ni Scipio na Laelius.

Mwaka 1773 Phillis Wheatley, aliyechukuliwa utotoni Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani Boston, alitoa kitabu chake cha mashairi. Wakubwa 18 wa mji walitia sahihi kuthibitisha kwamba mashairi ni yake. Humo Phillis amemtaja Terence, na chini ya ukurasa pana maelezo mafupi kwamba alikuwa mzaliwa wa Afrika.