Ringi ya babu

Nyumbani Morogoro tulikua tukiambiwa kuwa babu aliitelekeza Peugeot 404 yake mwaka 1982 kwa uzembe. Mwaka jana mimi na baba tuliifungua injini uani. Pistoni tatu zilitoka. Ya nne iling'ang'ania kwa kutu. Tuliimwagia dizeli iliyochanganywa na oili, tukasubiri siku nne, kisha tukaigonga taratibu juu ya kipande cha mbao. Ikasogea.

Ringi yake ilikuwa imevunjika. Kwenye pampu ya maji tulikuta gasketi iliyokatwa kwa mkono kutoka kwenye boksi.

Ninasomea shahada ya uzamili ya historia, na miaka ile ninayo daftarini: Vita vya Kagera vya 1978–79, mafuta kupanda bei, fedha za kigeni kuadimika, spea kukosekana. Ruhusa ya watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe ilikuja 1984. Gasketi unaweza kuikata kwenye boksi; ringi huwezi. Babu alifika pale mikono yake ilipoishia.

Baba aliigeuzageuza ile ringi kiganjani. "Mzee nilimwonea," akasema.