TANROADS ilianzaje, na hii X ya kijani ni ya nini?

Wadau, nyumba ya jirani yetu huku Mbagala, pembeni ya barabara kuu, ina X ya kijani ukutani. Mama mwenye nyumba hajui ashukuru au alie. Mimi kijana wa form four niliyekaa mtaani ndo nikatumwa nikasome. Nilichopata ni hiki.

Zamani barabara kuu na za mikoa zilikuwa chini ya Wizara ya Ujenzi yenyewe, kila mkoa na mhandisi wake. Bunge likapitisha Sheria ya Wakala wa Serikali, Na. 30 ya 1997, na chini ya sheria hiyo TANROADS ikaanza Julai 2000. Pesa za matengenezo zinatoka Mfuko wa Barabara, ulioundwa kwa sheria ya 1998 na unaokula tozo ya mafuta. Yaani ukipanda daladala tu umeshachangia, hata kama huna baiskeli.

Hapa ndo wengi tunachanganya. TANROADS ni barabara kuu na za mikoa tu. Hizi za mitaani kwetu, Temeke na Kinondoni, zilikuwa za halmashauri mpaka 2017 ilipoanzishwa TARURA chini ya TAMISEMI. Shimo la mbele ya geti lako peleka huko.

Bosi anayekumbukwa zaidi ni Mhandisi Patrick Mfugale, aliyeongoza tangu 2011 hadi alipofariki 2021. Flyover ya TAZARA, iliyofunguliwa 2018, ina jina lake.

Turudi kwenye X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, unapima toka katikati ya barabara. Uliyejenga ndani ya 22.5 unapigwa X nyekundu: unavunja mwenyewe, hakuna fidia. Uliyekutwa na zile 7.5 za nyongeza unapata ya kijani: eneo linatakiwa, ila unalipwa kwanza. Lini? Hapo ndo penye kazi. (Morogoro Road usilinganishe. Kimara mpaka Kiluvya hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na 2017 watu walivunjiwa bila fidia.)

Basi jana tukachukua futi kamba, magari yalipopungua. Katikati ya lami mpaka msingi wa mama: mita 26. Akasema nipime tena. Nimepima tena, 26.